Watoto 22, wiki mbili za likizo ya Juni, na Gombe haiwezekani: nifanye nini nao hapa Kigoma?

MwalimuWaMwanga – Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa walimu na wazazi wa Kigoma, na kwa yeyote aliyewahi kukaa na watoto nje ya darasa zaidi ya saa moja bila sauti kukauka.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi hapa mjini, mwaka wa tatu huu. Nimezaliwa na kukulia Singida, kwa hiyo Ziwa Tanganyika bado nalitazama kigeni. Kuogelea sijui. Dagaa kabla ya kuja huku nilimjua akiwa mkavu, ndani ya mfuko.

Mwezi wa sita nimekabidhiwa watoto 22 kwa wiki mbili. Kumi na wawili ni wa darasa la sita, waliobaki wako kidato cha kwanza, wengi ni kaka na dada zao. Umri miaka 12 hadi 14. Wazazi ndio walioomba, wamechoka kuwafuata watoto kwenye vibanda umiza mchana kutwa. Kila mmoja ametoa elfu kumi na tano, kwa hiyo nina laki tatu na thelathini, na humo humo nitoe uji wa asubuhi.

Mwaka jana tulifanya kitu tulichokiita kambi ya mazingira. Niseme ukweli, ilikuwa tuisheni. Nilichora mmea ubaoni: mzizi, shina, jani, ua. Wakanakili. Siku ya tatu mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini tusiung'oe ule pale nje tukauangalia?" Nikageuka dirishani. Kweli, kulikuwa na mchicha pori umefika kiunoni. Nikamwambia akae chini, amalize kuchora. Bado linaniuma.

Mwaka huu nilitaka tuhitimishe kwa safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe. Nikapiga hesabu ya boti kutoka Kibirizi, kiingilio na chakula, nikaona nusu ya watoto wangebaki nyumbani. Juu ya hapo nimeelezwa kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe porini. Gombe basi.

Maswali yangu ni haya. Watoto wa umri huu wafanye nini kwa mikono yao, hapa hapa mjini, kisiwe cha kunakili? Na ziwani niwapeleke vipi mimi nisiyejua kuogelea?

---

MamaPacha_Mwandiga – Jumapili, saa 2:48 usiku

Mwalimu usinichukie, nauliza kama mzazi. Hao wa darasa la sita mwakani ni la saba, na mtihani wa taifa unafanyika Septemba. Wiki mbili za kuchezea mchanga zitamsaidia nini mtoto kwenye hisabati? Mimi wangu ningempeleka kwa hiyo elfu kumi na tano akafundishwe sehemu na asilimia. Asilimia ndiyo inayomtoa jasho.

---

Nesi_wa_Ziwani – Jumapili, saa 3:15 usiku

Mie naongelea afya tu, mengine nawaachia wenyewe.

Kichocho kipo ziwani, msidanganywe na maji kuonekana maangavu. Vimelea vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete, na vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Vinapenya ngozi kwa dakika chache, mtoto hahisi kitu. Kwa hiyo kwenye vidimbwi na matete wasiingie kabisa. Mkitaka konokono waokoteni kwa chujio la chai lililofungwa kwenye fimbo ndefu, mwenye kuokota avae buti. Aliyelowa ajifute kwa taulo papo hapo, asingoje kukauka kwa jua. Na mkirudi wasipoteze dozi ya kichocho inayotolewa shuleni, wengi huikimbia kwa sababu ya kichefuchefu. Waambie wale kwanza.

Mamba wapo pia, zaidi kwenye midomo ya mito. Ukiwa na watoto 22 sehemu kama mdomo wa mto Luiche zifute kwenye ramani yako.

---

MzeeWaKarabai – Jumatatu, saa 11:40 alfajiri

Marahaba mwalimu. Shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaituma.

Nimefundisha sayansi miaka 31, nimestaafu, nakaa Ujiji. Baba yangu alivua dagaa enzi za karabai, ile taa ya pampu, ndipo nilipolitoa jina langu la humu. Siku hizi ni taa za betri na sola, ile harufu ya mafuta ya taa ufukweni usiku haipo tena. Nilipostaafu nilishindwa kukaa, nikawa nakusanya watoto wa mtaani kila likizo ya Juni. Nimefanya hivyo mara nne. Mbili zilikwenda vizuri, kwa hiyo hazina mengi ya kueleza. Nitakusimulia zaidi zile mbili nyingine.

Mara ya kwanza nilipanga kila kitu isipokuwa mwezi. Tumefika mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, saa kumi na mbili asubuhi, watoto 15, madaftari mikononi, hakuna dagaa hata mmoja. Mitumbwi imelala mchangani. Wavuvi wamekaa kivulini wanashona nyavu. Mbalamwezi! Na mimi ni mtoto wa mvuvi. Taa inamvuta dagaa pale penye giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa yako haina tena cha kumwitia, na wavuvi hizo siku hupumzika. Nilitaka kuwarudisha watoto nyumbani kimya kimya. Binti mmoja akamwendea mzee aliyekuwa anashona akamwuliza, "Babu, mbona hamkwenda?" Yule mzee alizungumza dakika arobaini. Alichora mchangani mtumbwi, taa, wavu, mwezi. Mimi katika miaka 31 sijawahi kufundisha kipindi kama kile, na wala hakikuwa changu.

Tangu siku hiyo kila mtoto wangu anauchora mwezi kila usiku kwenye kona ya daftari, na asubuhi anahesabu mitumbwi iliyorudi na kuandika pembeni yake. Siwaelezi kwa nini. Wewe anza siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, kabla wiki mbili hazijaisha mwezi mpevu utakuwa umefika, wataona wenyewe idadi inashuka. Lakini kabla ya yote nenda ofisi ya uvuvi uulize kama ziwa litakuwa wazi. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Hiyo ndiyo mara yangu nyingine mbaya, nakuja huko.

Ziwa likiwa wazi, nunua sado moja ya dagaa wabichi, alfajiri, kabla hawajaanikwa. Wamwage kwenye masinia manne, watoto watano sita kila sinia. Waambie neno moja tu: wagawanye. Usiwaambie mafungu ni mangapi. Wataanza na wakubwa kwa wadogo, kila mtoto anaanzia hapo. Waache. Baadaye atatokea mmoja aseme huyu na huyu ni wakubwa sawa lakini hawafanani. Hapo ndipo mambo yanapoanza. Dagaa wetu wa Tanganyika ni jamii mbili. Wanasayansi wanawaita Stolothrissa na Limnothrissa. Wa kwanza ni mwembamba na mdogo, wa pili hukua zaidi na hupenda kusogea karibu na ufukwe. Sinia moja linaweza kuwa na wote.

Na ndani yao wamo wageni. Mwaka wa pili nilishika kisamaki nikawatangazia watoto kwamba huyu naye ni dagaa. Kijana mmoja, mamake anauza samaki pale Mwanga, akaniambia, "Babu, huyo si dagaa. Pitisha kidole mgongoni." Nikapitisha, nikachomwa. Alikuwa mgebuka mchanga. Mgebuka ana miiba kwenye pezi la mgongo, dagaa pezi lake ni laini. Watoto walicheka mpaka wauza dagaa wakaja kuona kuna nini. Nikamwomba yule kijana aendelee yeye, mimi nikakaa kwenye ndoo.

Siku inayofuata nunua migebuka wawili wakubwa. Wembe, gazeti, na pasua tumbo polepole. Ndani ya mmoja tulitoa dagaa kumi na mmoja wanaotambulika, na uji uji wa wengine. Mmoja alikuwa bado anang'aa. Miaka yote nimechora mishale ubaoni ya nani anamla nani, watoto wakaweka vema kwenye mtihani, na sijui kama kuna aliyeamini. Siku ile hakuna aliyehitaji mshale. Halafu wale migebuka tuliwakaanga. Usiwatupe, watoto watakushangaa.

Ziwa lenyewe sasa. Usiogope kutokujua kuogelea, wewe ogopa saa. Kiangazi kusi huanza kuvuma jua likipanda na mawimbi yanainuka. Toka saa kumi na mbili na nusu, saa tatu uwe umerudi nchi kavu. Mtumbwi mkubwa wa mashine, nahodha mtu mzima unayemjua kwa jina na kwa nyumba, jaketi la kuokolea kwa kila kichwa na lako la kwanza. Watoto sita kwa zamu, wengine wabaki na mzazi. Jaketi zikiwa sita, watoto watano na wewe. Hapo hakuna kujadiliana.

Mkiwa huko mtapima uwazi wa maji. Kuna padri wa Italia aliyeitwa Angelo Secchi, mwaka 1865 alishusha sahani baharini kwenye kamba ili aone inapotea kina gani. Mpaka leo watafiti wa maziwa wanatumia kitu kile kile, na wewe unaweza kukitengeneza kwa mfuniko wa ndoo ya rangi. Kata duara la sentimita 20. Ligawe robo nne, mbili nyeusi, mbili nyeupe, zikipishana. Toboa katikati, pitisha kamba, chini ning'iniza nati kubwa za gari ili lisielee. Kamba ya mita 15, fundo kila nusu mita. Shusheni upande wenye kivuli cha mtumbwi. Linapopotea machoni hesabu mafundo. Vuteni mpaka lionekane tena, hesabu tena. Chukueni katikati ya hizo mbili.

Mbele ya mfereji unaoshusha maji ya mjini letu lilipotea fundo la tano, yaani mita mbili na nusu. Tukasogea nje, usawa wa Bangwe, likaenda fundo la kumi na tisa. Mtoto aliyekuwa anahesabu alidhani amekosea akaanza upya. Kumi na tisa. Sikuwaambia chochote kuhusu uchafuzi. Jioni ile watatu kati yao walikwenda wenyewe kuufuata ule mfereji kwenda juu, kuona unaanzia wapi, nikalaumiwa na mama zao kwa kuchelewa kurudi.

Wakishapima waambie ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale palipo kirefu zaidi, na duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Wape kamba yao ya mita 15 waihesabie ingehitajika mara ngapi. Mama Pacha, hiyo hapo hisabati. Na asilimia iko kwenye lile sinia la dagaa: mia wangapi, wembamba wangapi, migebuka wangapi. Mtoto aliyechomwa kidole na mwiba ile asilimia haisahau.

Sasa 2024. Ziwa limefungwa, mwaloni hakuna kitu, watoto 17 wananitazama. Nikasema tutavua mchwa kama sokwe. Nikawasimulia vizuri kabisa: Jane Goodall alifika Gombe Julai 14, 1960, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo akamwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuvuta mchwa, wakati wasomi wa dunia walikuwa wakisema ni binadamu tu anayetengeneza na kutumia zana. Kutoka Kibirizi ni kilometa 16 tu hivi. Watoto macho kodo. Tukaenda kwenye vichuguu vya upande wa Mwandiga, kila mtoto na kijiti chake.

Siku ya kwanza, mchwa sifuri. Siku ya pili, sifuri, na rundo la vijiti vilivyovunjika. Kichuguu kigumu kama saruji. Mimi nikawa natoa visingizio: nyasi kavu mno, mna kelele mno. Ndipo binti mmoja, kidato cha kwanza, akafungua daftari lake akanisomea niliyoyasema mwenyewe. "Babu, alifika Julai. Aliona Novemba. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba alikuwa hapo. Mbona hakuona?"

Nilinyamaza. Jibu moja ni kwamba sokwe walikuwa bado wanamkimbia, hakuweza kuwasogelea. Lakini jibu la pili lilikuwa mbele ya macho yangu siku mbili nzima. Sokwe huvua mchwa zaidi mvua zinapoanza, Novemba hivi, kwa sababu kumbikumbi wanakaribia kuruka na mchwa huwatengenezea njia mpaka karibu kabisa na juu, zimezibwa kwa udongo mwembamba. Sokwe anakwangua kwa kidole tu. Juni mchwa wako chini huko, wamejifungia. Mimi nimekula kumbikumbi wa kila msimu tangu nina meno, na sikuunganisha.

Basi tukabadilisha. Alfajiri, kukiwa bado na ubaridi, tukamega kipande kidogo cha ukuta wa kichuguu, kama kiganja. Mkimega vibaya mnakibomoa, megeni kidogo. Mkingoja kimya mchwa watakuja kuziba, na askari, wale wenye vichwa vikubwa, hutangulia kulinda. Hapo chomeka kijiti taratibu, ngoja, vuta taratibu. Askari akishang'ata haachii. Wakajaribu nyasi mbichi, ikapinda. Nyasi kavu ikakatika. Mwisho mmoja akachomoa chelewa kwenye ufagio wa nyumbani kwao, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Siku ya nne walipata saba. Waliandika kila kitu: urefu wa chelewa, sekunde za kungoja, idadi. Kijana mmoja akamla askari mmoja ili alinganishe na kumbikumbi. Akasema hana mafuta.

Mwalimu, kama una siku moja tu ya kuchagua, chagua hiyo ya kichuguu, na usiwaambie habari ya mvua. Waache washindwe siku moja kwanza. Siku mbili ni nyingi, mimi nilikuwa karibu kuwapoteza.

Mambo madogo. Penseli, si kalamu ya wino, maji yalinilia kurasa za watoto sita. Uji kabla ya kutoka. Saa nne na nusu wakabidhi kwa mama zao, jua la mchana halifundishi kitu. Na tafuta mtu wa mwaloni akae nawe kila siku umlipe hata kidogo, yeye ndiye mwalimu, wewe utakuwa unashika daftari.

---

Mrina_Sikonge – Jumatatu, saa 1:20 usiku

Shikamoo mzee, nimesoma mpaka mwisho, chai imepoa.

Mwalimu, mimi niko Tabora, Sikonge, nafuga nyuki. Kwetu Juni ni msimu wa kurina, na kila mwaka kuna mwalimu anayenipigia simu anataka kuleta darasa zima lione asali ikitoka. Nakataa. Watoto thelathini, kelele, mafuta ya kupaka yananukia, nyuki wamevurugwa. Walionikubalia masharti nawaonyesha mambo mawili.

La kwanza, mzinga mtupu. Waufungue, wauguse, wanuse nta, wapime nafasi kati ya masega. La pili, nyuki wadogo wasiouma, wale wanaokaa kwenye tundu la mti au ukuta na kutengeneza kamrija kadogo ka nta pa kuingilia. Huko Kigoma hamwezi kuwakosa, tafuteni kwenye kuta za nyumba za zamani. Mtoto akae na saa, ahesabu dakika kumi wanaingia wangapi, wangapi wamebeba chavua miguuni. Asubuhi, halafu tena saa nne. Hesabu zitatofautiana sana, na watagombania sababu.

Kitu kingine ambacho huku nawafanyisha ni kuhesabu miti iliyochunwa. Mizinga ya magome inatengenezwa kwa kubandua gome kuzunguka mti mzima, na mti ukizungukwa hivyo unakufa. Babu zangu walifanya, nami nimefanya. Watoto wanatembea mita mia msituni wakiandika mti upi mzima, upi umechunwa, upi umekufa. Sisemi lolote wakati wanahesabu. Ni vibaya kusimama pale na kuhesabiwa, lakini nasimama.

Akiumwa na nyuki mtu: kwangua mwiba kwa ukucha pembeni haraka, usiubane kwa vidole. Na waulize wazazi kabla, kwa maandishi, nani huvimba.

---

MamaPacha_Mwandiga – Jumatatu, saa 1:55 usiku

Mzee umenishika na hiyo asilimia ya dagaa. Bado sijakubali yote. Ila mwalimu, kichuguu kikubwa kipo nyuma ya shamba letu la michikichi, hakina mwenyewe. Na wangu wawili utakuwa na nafasi? Nitaleta sufuria la uji.

---

MwalimuWaMwanga – Jumatano, saa 3:30 usiku

Shikamoo mzee, sasa nimeituma rasmi.

Nimerudi na taarifa. Jana nilikwenda ofisi ya uvuvi, nikaelezwa utaratibu wa mwaka huu, nimepanga tarehe kwa kufuata mwezi. Leo asubuhi nilikwenda Kibirizi peke yangu, kujaribu kabla ya watoto. Nikanunua dagaa kidogo nikawagawa juu ya mfuniko wa ndoo, nimechuchumaa, watu wakidhani nimepoteza kitu. Nilipata mafungu matatu. Mama mmoja muuzaji akanitazama muda mrefu, akayachanganya yote kwa mkono mmoja, akaniambia, "Anza tena, mwanangu." Nimemwomba aje kambini. Anasema atakuja akishaanika.

Mama Pacha, nafasi zipo, wawe 24, na kichuguu nimekichukua. Mrina, nyuki wadogo nimewaona tayari, wako kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, juu kidogo ya kengele. Miaka mitatu napita chini yao. Nesi, Luiche nimeifuta, na buti naazima kwa mlinzi wa shule.

Ziwani nitakwenda na jaketi sita, watoto watano na mimi. Nahodha tumekwishapata, ni baba wa mtoto wa darasa la sita. Yule aliyeniuliza kuhusu mchicha pori sasa yuko kidato cha kwanza, nimemwandikia mama yake. Nataka awe wa kwanza kushika kamba.

Swali moja la mwisho, mzee. Ule mfuniko nimeukata na kuupaka, nikaujaribu kwenye pipa la maji hapa nyumbani. Rangi nyeusi imeanza kubanduka usiku huo huo. Ulitumia rangi gani?

---

MzeeWaKarabai – Alhamisi, saa 11:15 alfajiri

Ya mafuta, si ya maji. Kwanza kwaruza plastiki kwa msasa ili ishike. Paka mara mbili, na uache siku mbili kabla ya kuizamisha, usiwe na haraka kama mimi. Kuhusu kengele: waambie wasiigonge hizo wiki mbili.